Uzoefu wangu: matone ya "kumaliza mlio masikioni siku 21" na kifaa cha kusikia, hela yangu ilienda wapi

Wadau, mi ni mtu wa mashine ya kusaga, nina miaka 46 na kati ya hiyo 19 nimesimama pembeni ya mashine, kwanza ya dizeli kule kijijini alafu ya umeme hapa Dar. Naandika maana kabla sijatoa hela nlimtafuta mtu wa kunambia ukweli nkakosa, kila nnaemuuliza kumbe na yeye anauza.

Siku nlojua nina shida umeme ulikatika usiku, feni ikazima, friji la jirani likanyamaza, mtaa mzima kimya, na mi nkasikia iiiiiiiiii kama nyenje wa jua la saa nane. Nkamwambia waifu zima hiyo kitu. Kitu gani? Hiyo inayolia. Akaniangalia tu. Asubuhi akanambia unasemwa baba Neema, na kweli mi nlikua na ugomvi wa mambo ya kiwanja na shemeji zangu kwahiyo nkaona yawezekana.

Alafu mi nlishawahi kupata mlio kabla, zamani nlivyotundikiwa dripu ya kwinini, waliopitia kwinini mnajua, masikio yanavuma mpaka mtu anaongea mbele yako unaona mdomo tu. Ila ule ulikata wenyewe dawa ilipoisha mwilini. Nkajua na huu utakata. Nkasubiri miezi saba, haukukata, na ubaya wake mchana kazini siusikii kabisa, unanisubiri nilale.

Sasa ndo nkaingia kwenye matone. Tangazo nimeliona kwenye simu, chupa elfu 45, ila dozi kamili chupa nne, jumla laki na themanini, mlio unaisha siku 21 au hela inarudi. Jamaa kwenye simu ana sauti ya upole kama mchungaji, akasema mishipa ya sikio imejaa sumu. Hakuniuliza nafanya kazi gani. Hakuna mtu aliyeangalia ndani ya sikio langu. Nkaweka matone asubuhi na jioni, baridi kwanza alafu linawasha, siku ya kumi sikio la kulia likaziba kabisa. Kumpigia anasema ndo sumu inatoka hiyo, ongeza na vidonge elfu 60. Hapo nkastuka. Hela kurudi? Ananiambia nimechelewa kuanza dozi ndo maana.

Nyota sifuri. Na baadae nlikuja kuambiwa kitu kikaniogopesha, kwamba ukiweka matone ovyo na ngoma ya sikio ina tundu, kuna dawa zikipita pale zikaingia ndani zinaua usikivu moja kwa moja. Mi tundu sikua nalo, bahati tu.

Elfu 50 iliyonisaidia kuliko laki zote ni hii: elfu 10 kumuona dokta wa masikio pua na koo, elfu 40 kipimo cha usikivu. Dokta kaweka taa akacheka, sikio la kulia nta imelowa matone imevimba imejaa kama ugali, akaitoa, sikio likafunguka palepale. Aisee raha. Akaanza maswali nkahisi anapoteza muda, kumbe kila swali lina kazi yake. Umewahi kuchomwa sindano za TB? Maana streptomaisini inaharibu sikio la ndani, na jentamaisini vilevile. Unakunywa aspirini nyingi? Hiyo ikizidi dozi inaleta mlio ila ukiacha kwa kawaida unaondoka. Unaumwa taya? Unapata kizunguzungu cha dunia kuzunguka, na sikio kujaa? Mlio unapiga du du du kufuata mapigo ya moyo? Huo wa mapigo, akasema, ni wa mishipa ya damu na lazima uchunguzwe. Wa sikio moja tu nao hawauachi hivihivi maana mara chache kunakua na uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa sikio. Na mtu akiamka sikio moja limekufa ghafla na linalia, huyo asisubiri hata wiki, kuna dawa inayofanya kazi ukiwahi tu. Mi nlisubiri miezi saba, sema yangu haikua hiyo.

Kipimo chenyewe unakaa kwenye kibanda kimya, hedifoni, ukisikia mlio bonyeza kitufe. Shida ni kwamba na mlio wangu nao unalia humohumo, nkawa nabonyeza hata kisichokuwepo, dada mpimaji akabadilisha sauti iwe ya kukatakata. Grafu yangu inaenda vizuri sauti nene mpaka za kati, ikifika hezi 4000, yaani sauti nyembamba, inadumbukia kama shimo la barabarani alafu inapanda kidogo. Dada akasema baba, hiyo ni alama ya kelele, nikiiona tu najua huyu ni wa kiwandani, mashine au muziki. Alivyonipimisha mlio wangu unafanana na sauti gani ukaangukia hapohapo karibu na shimo.

Na hapa ndo nlielewa kitu ambacho muuza matone hakijui au hataki kukijua. Sikio la ndani limejikunja kama konokono na mle kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele inavilaza mpaka vinakufa. Vikifa pale kwenye sauti nyembamba, ubongo haupati habari kutoka eneo lile, sa unafanya kama mtu anaetafuta stesheni iliyopotea, anaongeza sauti ya redio, anaongeza, na anachopata ni mkwaruzo. Ule mkwaruzo ndo iiiiii yangu. Kwahiyo sikio limeumia lakini anaepiga kelele ni ubongo, sasa matone yatafika wapi? Na vile vinyweleo kwa binadamu havioti tena. Kuku vinamuota! Kuku akiharibiwa sikio anarudishiwa ndani ya wiki kadhaa, binadamu hapana. Nlimuuliza dada mara mbili kama ananitania.

Kuhusu kelele, kiwango wanachosema usizidishe ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa masaa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa nusu. Nkapakua programu ya kupima kwenye simu, najua sio sahihi kama kipimo chenyewe, ikasoma 97 mashine ikiwa na mahindi. Piga hesabu, 97 ni nusu saa kwa siku. Mi masaa kumi, miaka 19, bila kitu masikioni, pamba wakati mwingine, na pamba haisaidii la maana.

Je inapona? Nlimbana dokta. Kama chanzo ni nta, maji nyuma ya ngoma, usaha, dawa fulani, mara nyingi ukitoa chanzo mlio nao unaondoka au unapungua. Yangu ya kelele za miaka hapana, hakuna dawa yoyote duniani iliyothibitishwa kuufuta, hata ile jinko, dawa ya majani ya mti wanayouza kwenye vidonge, imepimwa na haikuonyesha la maana. Kuna kifaa kinaitwa Lenire kutoka Ayalandi, kinacheza sauti masikioni huku kinatekenya ulimi kwa umeme mdogo, Marekani walikiruhusu Machi 2023, nacho ni cha kupunguza usumbufu sio kufuta. Kinachosaidia wengi ni kuurudishia ubongo sauti zilizopotea kwa kifaa cha kusikia, na mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia ili uache kuuogopa mlio. Hayo mazungumzo mi sijafanya, mtaalamu nlieelekezwa yuko mbali na ni kila wiki.

Kifaa cha kusikia nlichukua cha sikio la kushoto tu, laki nane na nusu, bima haikulipa hata mia. Wiki ya kwanza nlitaka kukirudisha. Mfuko wa rambo unasikika kama bati linachanwa, sufuria ndo usiseme, na sauti yangu mwenyewe kama niko ndani ya pipa. Nkarudi dada akakipunguza, na mara ya pili tena. Mwezi wa pili nkawa nakaa sebuleni nasikia mvua, watoto, waifu anaongea bila kurudia, na mlio kuutafuta mpaka nikumbuke. Upo. Haujaisha, nasema tena haujaisha, nikikivua unarudi baada ya muda mfupi. Usiku naweka sauti ya mvua kwenye simu, chini kidogo ya mlio, sio kuuzidi, ndo alivyonielekeza. Nalala saa tano naamka kumi na moja. Mwaka jana nlikua nalala saa tisa.

Mabaya yake: unga na jasho vinaziba kimrija, nasafisha kila siku. Kazini hakivaliwi maana kitakuza na kelele ya mashine, kwahiyo kazini navaa vile vizuia kelele vikubwa vya kufunika sikio zima, elfu 35, vijana wananiita rubani. Betri ni namba 13 zenye kikaratasi cha rangi ya chungwa, yangu inakaa siku tisa, kumi, na ukishabandua kikaratasi inaanza kuisha hata usipoitumia kwahiyo usibandue zote kwa ushamba kama mimi.

Kifaa nakipa nyota tatu na nusu kwa bei ile. Kipimo cha elfu 40 tano. Chupa mbili za matone bado ziko juu ya kabati hazijafunguliwa, anaetaka kuja kusoma maandishi yake aje, ila siuzi na sigawi.