Dig: chombo cha kuchunguza rekodi za barua pepe

Miongoni mwa programu za kuchunguza seva ya DNS (mfumo unaotafsiri majina ya intaneti kuwa anwani) pale barua pepe zinapokataa kufika, dig, inayotolewa pamoja na BIND (programu ya seva ya DNS), ndiyo ninayoiamini zaidi. Amri ya "dig MX" ikifuatwa na jina la kikoa huonyesha kila seva ya kupokea barua, namba ya kipaumbele chake (iliyo ndogo ndiyo hutangulizwa) na sekunde ambazo jibu linaweza kuhifadhiwa. Ubora wake hasa ni kwamba, kwa kuongeza alama ya @ na jina la seva, mtu huiuliza moja kwa moja seva yenye mamlaka, yaani inayotunza rekodi asili za kikoa, na kulinganisha jibu lake na lile la seva ya kati, ambayo huenda bado imeshikilia rekodi ya zamani. Nukta iliyosahaulika mwishoni mwa jina katika faili la rekodi hujitokeza papo hapo, kwa kuwa jina la kikoa huonekana limejirudia. Hata hivyo, haitakuonya kwamba rekodi ya MX imeelekezwa kwenye CNAME (rekodi ya jina la badala), jambo ambalo RFC 2181, hati ya kanuni za DNS, inalikataza, wala haipimi kama poti 25, mlango wa seva wa kupokelea barua, iko wazi. Matokeo yake, kusema kweli, humtisha mgeni. Chaguo la "+short" huyafupisha, lakini huficha muda wa kuhifadhiwa.