Miaka mitatu na Probox: hesabu za daftari langu

Kabla ya Probox, lile gari dogo la Toyota la kubebea mizigo, nilikuwa na gari la Kizungu. Jina silitaji, maana huenda lako linakutendea mema. Lilikuwa jeusi, viti vya ngozi, redio ya kugusa kwa kidole, na yadi ya magari waliniuzia shilingi 480,000 za Kenya. Shemeji ndiye aliyenipeleka. "Gari kama hili kwa nusu milioni kasoro ishirini? Shemeji, usilale." Sikulala.

Kazi yangu ni sare za shule. Vitambaa nanunua Kisumu, washonaji wangu wako Maseno, Luanda na Chavakali. Leo napitia Kisian, kesho napanda mlima wa Riat, nyuma kumejaa marobota. Kwa mwezi ni kama kilomita 1,200. Mwezi wa nne giaboksi ikaanza kusita pale pale Riat, trela nyuma yangu likipiga honi. Fundi wangu wa Mamboleo akafungua boneti, akatazama kwa muda, akaifunga taratibu kama anayefunika maiti. "Mama, hii inataka mtu wa kompyuta." Mtu wa kompyuta alikuwa Nairobi, na spea nayo ilibidi iagizwe. Gari likakaa gereji wiki tano, kuku wakalifanya banda, nami nikarudi kwenye matatu, kila robota likilipiwa nauli kama abiria.

Miezi 14 nilikaa nalo. Matengenezo yalikula 187,000. Nilipoliuza, aliyepanda juu kabisa alitoa 260,000, kwa sababu kila mnunuzi alikuja na fundi wake na kila fundi alitikisa kichwa. Jumlisha hasara ya kuuza na matengenezo: 407,000. Ni kama 29,000 kila mwezi, na hapo sijaweka petroli wala bima.

Siku hiyo ndipo nilianza daftari. Safari ya pili sikuuliza gari ni bei gani. Nilipita kwa wauza spea pale mjini na kuwauliza: gari gani vitu vyake havikai rafuni? Majibu yalifanana: chochote chenye injini ya 1NZ. Hii ni injini ya Toyota ya cc 1,500, ile ile iliyo ndani ya Fielder nyingi, Premio za 1.5, Succeed na Probox. Inatumia cheni ya taimingi, si mkanda, kwa hiyo hakuna ile gharama ya kubadilisha mkanda kila baada ya kilomita kadhaa. Oili inabeba chini kidogo ya lita nne. Na fundi yeyote kati ya Busia na Nakuru ameifungua mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu.

Fielder niliipenda, lakini ya mwaka ule ule iliniomba laki mbili zaidi. Nikashuka kwa Probox. Shemeji akauliza harusini nitafika na gari la miraa? Nikamwambia nitaegesha mbali.

Ukitafuta Probox huku kwetu, hofu kubwa si maileji, ni historia yake. Nyingi zimefanya matatu za mashambani, zile ambazo dereva anabanana kiti kimoja na abiria na buti limejaa watu kama omena. Odometa inarudishwa nyuma na mtu mwenye laptopu. Kiti hakirudishwi. Niliyoikataa ya kwanza ilisoma kilomita 92,000, lakini kiti cha dereva kilikuwa kimelika upande wa ndani, karibu na breki ya mkono, pale ambapo makalio ya mtu wa pili hukaa. Raba ya pedali ya breki ilikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Nikainua kapeti la nyuma: matundu manne ya bolti za viti vya ziada, yamezibwa na silikoni. Nikamshukuru mwenyewe, nikaondoka.

Ya pili ilikuwa safi, lakini nilipolipa shilingi 550 nikapata rekodi ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, jina la mkopeshaji lilikuwa pale pamoja na la mwenye gari, yaani gari bado lina deni. Broka akasema hiyo ni kitu kidogo. Kwangu si kidogo.

Ya tatu nikainunua mwanzoni mwa 2022. Modeli ya 2009, iliingia nchini 2016 (sheria hairuhusu gari la zaidi ya miaka minane kuingia), mwenyewe mwalimu, na risiti za sevisi amezihifadhi kwenye bahasha ya khaki. Nilifika kwake saa kumi na mbili asubuhi bila kumwambia saa, ili niikute injini ikiwa baridi. Muuzaji anayekupashia injini kabla hujafika anaficha moshi au mlio. Hii iliwaka mara moja, bila moshi wa samawati. Fundi wangu akafungua kifuniko cha oili, akapitisha kidole ndani, akanionyesha: rangi ya chai ya rangi, hakuna utando mweupe. Hiyo ndiyo ripoti niliyoilipia 1,500. Gari lenyewe nikalilipa 560,000, yaani elfu themanini zaidi ya lile jeusi.

Sasa daftari. Miaka mitatu, sevisi na spea zote pamoja 118,000: oili na filta, brekipadi mara mbili, shokapu za nyuma, betri, radieta moja niliyoichelewesha kwa ubahili wangu hadi ikachemsha Kiboswa. Broka mmoja ameniahidi 470,000 leo hii bila kunibembeleza. Ukichukua 90,000 iliyoshuka ukajumlisha na matengenezo, haifiki elfu sita kwa mwezi.

Mafuta napima hivi: najaza hadi bomba likatike lenyewe, narudisha mita ya safari kwenye sifuri, naendesha wiki nzima, narudi bomba lile lile najaza tena. Kilomita gawanya kwa lita. Probox inanipa 14 na mzigo, 12 nikizunguka mjini tu. Lile jeusi lilikuwa linanipa 8. Kwa mwendo wangu na petroli ikiwa shilingi 180 kwa lita, hiyo tofauti ni zaidi ya elfu kumi na moja kwa mwezi. Oktoba 2023, petroli ilipopita shilingi 217 Nairobi, nilikuwa nasubiri tarehe 14, siku ambayo EPRA, mamlaka ya kawi, hutangaza bei mpya za mafuta, kwa moyo uliotulia kidogo kuliko jirani zangu.

Mabaya yapo. Kiti cha nyuma ni ubao uliovishwa kitambaa; watoto wangu wakisafiri hadi Nakuru hushuka kama wazee. Ikiwa tupu inarukaruka kwenye matuta. Kelele ya barabara inaingia yote, mvua ikinyesha hatusikilizani. Na polisi wa barabarani wanaisimamisha zaidi, wakidhani nabeba abiria. Nafungua buti waone sare.

Jambo moja ambalo sikuambiwa na mtu: soma logbuku, ile hati ya umiliki, uone gari limeandikwa la aina gani. Ukilisajili au kulikatia bima kama gari la biashara, kuna ukaguzi na ushuru wake wa kila mwaka, na bima yenyewe ni nyingine. Mimi nabeba mali yangu mwenyewe, nikamweleza wakala hivyo waziwazi kabla ya kulipa, akaandika hivyo kwenye karatasi. Kudanganya hapo ni kununua bima ambayo siku ya ajali itakukana.

Jumamosi hii ni zamu ya bushi za mbele. Fundi amesema 4,500 na kazi, na nimeshaiandika.