Mafuta ya kanabidioli ya kuletewa nyumbani: hesabu ya dozi haikubali

Dada yangu, mkazi wa Tabata, ana mtoto mwenye kifafa, na hivi karibuni alinunua kwa muuzaji wa mtandaoni kichupa cha mafuta ya kanabidioli, kemikali ya mmea wa bangi isiyolevya, ambacho bodaboda alimfikishia mlangoni siku ileile. Huduma ya kufikisha mzigo haina dosari. Dosari imo ndani ya kichupa.

Lebo inataja miligramu 500 katika mililita 30, lakini haina jina la kiwanda, namba ya toleo, wala namba ya usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Maelekezo ni matone matano asubuhi na matano jioni. Kwa kuwa matone 20 hufanya takriban mililita moja, mtoto hupata kama miligramu 8 kwa siku, tena iwapo lebo inasema kweli. Epidiolex, dawa ya kanabidioli iliyofanyiwa majaribio, huanza na miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kisha hupandishwa baada ya wiki moja hadi 10. Mpwa wangu ana kilo 20. Angehitaji miligramu 100 za kuanzia na 200 za kuendelea, na kichupa hiki kizima kingemwishia kwa siku mbili na nusu.

Dawa yenyewe siidharau hata kidogo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017 kwa wagonjwa wa Dravet, aina ya kifafa kikali cha utotoni, kiwango cha kati cha mishtuko kwa mwezi kilishuka kutoka 12.4 hadi 5.9, na mwaka uliofuata Marekani ikaiidhinisha kwa Dravet na Lennox-Gastaut, aina nyingine ya kifafa kikali cha utotoni. Hata hivyo, wagonjwa hao waliendelea kumeza dawa zao za kawaida. Muuzaji wetu alimwambia dada aache kumpa mtoto valproeti, dawa yake ya kawaida ya kifafa, mara moja, na hapo ndipo ninapokasirika kwelikweli, kwa sababu kukatisha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta mshtuko usiokoma, unaoua. Kuzichanganya valproeti na kanabidioli nako huweza kuumiza ini, ndiyo maana daktari hupima damu.

Kuna pia suala la THC, kiini cha bangi kinacholevya. Watafiti wa Marekani walipopima bidhaa 84 zilizonunuliwa mtandaoni, walikikuta katika 18. Kwa sheria zetu za dawa za kulevya, hilo si jambo dogo, ingawa muuzaji alidai kwamba mafuta yake “yameruhusiwa” bila kuonyesha kibali chochote.

Sishauri mzazi yeyote ayanunue. Dada ameyaacha, mtoto anaendelea na valproeti, na daktari ameagiza aje kliniki na daftari lenye tarehe, saa na muda wa kila mshtuko, ili aamue kama dozi ipandishwe au iongezwe dawa nyingine iliyosajiliwa.