Diamond Infinite Edge Pro jijini Dar: upinde unaorekebishika upesi, na kupoteza shabaha upesi

Diamond ni chapa ya Bowtech ya Marekani, na Infinite Edge Pro ni upinde wa kapi (wenye magurudumu mawili kwenye ncha yanayopunguza uzito wa kuvuta) unaomfaa karibu kila mwili. Uzito wa kuvuta huanzia ratili 5 hadi 70, urefu wa kuvuta inchi 13 hadi 31, na vyote viwili hubadilishwa kwa alenki tu, bila presi, yaani mashine ya kubana upinde ili kamba ilegee. Kutoka ekseli ya kapi ya juu hadi ya chini ni inchi 31, kutoka mshikio hadi kamba ni inchi 7, na upinde mtupu una takriban kilo 1.45. Ukishafika mwisho wa kuvuta, asilimia 75 ya uzito huondoka mkononi: ratili 60 unazishikilia kwa ratili 15. Zile futi 310 kwa sekunde zinazotangazwa ni za IBO, kipimo cha kawaida cha kasi ya pinde, yaani ratili 70, inchi 30 na mshale wa greni 350 (kama gramu 23). Anayevuta ratili 55 kwa inchi 28 asizitarajie, na wala hazihitaji.

Dar es Salaam swali la msingi ni jingine. Siku mishale inapoanza kwenda ovyo, je, utaurudisha mwenyewe? Fundi mwenye presi ya upinde si mtu wa kumkuta kila kona. Kwa upande huo upinde huu unapata alama za juu, ila kila kinachorekebishwa kwa alenki kinaweza pia kulegea bila kukuaga.

Shabaha ikipotea ghafla, usiguse kilengeo. Wengi hukimbilia pini ya kilengeo, wakaisogeza kufuata mishale, na kesho yake hali imerudi pale pale kwa upande mwingine. Andika namba kwenye mishale sita kwa maka peni, simama mita 20, piga yote ukilenga sehemu moja, kisha rudia. Halafu soma ubao wa shabaha. Mishale ikikaa pamoja lakini pembeni ya ulipolenga, kuna kitu kimehama kwenye upinde. Ikitawanyika, chunguza mishale, kiegemeo (kinachobeba mshale kwenye upinde) na mkono wako. Ukiona ni namba 4 peke yake inayokimbia kila raundi, upinde hauna kosa: mshale huo una noki (kishikio cha nyuma kinachoingia kwenye kamba) iliyopasuka, ncha iliyolegea au mwili uliopinda.

Kundi likiwa limehama, anza na skrubu, na hapo wa Dar ana tatizo lake. Pinde za Marekani hutumia vipimo vya inchi, na seti za alenki zilizojaa Kariakoo na Gerezani nyingi ni za milimita. Ya milimita 2 huingia kwenye 5/64 na ya 4 huingia kwenye 5/32 bila shida. Lakini 3/32 ni milimita 2.38: ya 2 inacheza, ya 2.5 haiingii. 3/16 ni milimita 4.76, ya 5 inakataa. Kulazimisha ya 4.5 ndiko kunakokomba kichwa cha bolti kikabaki duara. Tafuta seti ya inchi kabla hata ya kununua mishale. Usipoiona madukani, iagize pamoja na upinde.

Bolti za mabawa mawili, yaani mikono ya juu na chini inayopinda, hukaguliwa kwa rula. Pima kutoka kamba hadi mahali bawa linapoingia kwenye mhimili (sehemu ya kati yenye mshikio), juu na chini. Linganisha na vipimo ulivyoandika siku upinde ulipokuwa sawa. Hukuandika? Kaza bolti zote mbili hadi mwisho, taratibu, kisha zilegeze kwa mizunguko iliyo sawa kabisa hadi uzito wako. Usivuke kikomo cha kitabu cha kiwanda, kwa sababu bolti iliyolegezwa kupita kiasi inaweza kung'oka ukiwa umevuta. Bolti moja ikizidi nyingine kwa mzunguko mmoja, kimo cha noki hubadilika na mishale hupanda au kushuka.

Kagua kapi pia. Alama za urefu wa kuvuta lazima zilingane juu na chini. Kapi za upinde huu ni za mfumo wa bainari: kebo hutoka kapi hadi kapi, hazifungwi kwenye bawa, kwa hiyo huenda pamoja vizuri kuliko mifumo ya zamani. Zikipishana, kebo moja imerefuka.

Kurefuka huko ndiko kunakosumbua sana pwani. Nyuzi za kisasa za kamba ni ngumu, ila zenye Dyneema hunyooka polepole zikikaa chini ya mvuto na joto. Gari lililoegeshwa juani Posta saa saba mchana linapita nyuzi 50 ndani, na upinde uliolala kwenye buti unavutwa saa zote hata kama hakuna anayeugusa. Dalili ya kwanza ni kitundu cha kuchungulia kilicho kwenye kamba kugeuka: ukivuta unaona ukingo wake badala ya duara. Kukigeuza kwa kidole si dawa. Tia alama ya rangi ya kucha mahali kebo inapogusa kapi. Alama ikihama, kamba na kebo zinahitaji kusokotwa upya, na kazi hiyo inataka presi. Hapa ndipo sifa ya "bila presi" inapofikia mwisho. Usijaribu kuikwepa kwa kukanyaga mabawa au kufunga kamba za manila.

Kamba ipakwe nta ya upinde mara ikianza kuonyesha manyoyamanyoya, sio nta ya mshumaa ambayo hukauka na kumeguka. Paka kwenye nyuzi zilizo wazi, si kwenye uzi uliozungushiwa katikati. Wakati wa masika, kamba iliyolowa huwa nzito na mshale hupungua kasi. Usirekebishe chochote siku hiyo. Kwa wa Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach, chumvi hula vishikizo vya ekseli na ndoano ya kifyatulio (kifaa cha mkononi cha kuachia kamba). Futa kwa kitambaa kikavu kila baada ya mazoezi. Mafuta ni tone moja kwenye chuma, yasifike kwenye kamba.

Kitanzi cha kufyatulia, kile cha kwenye kamba kinachoshikwa na kifyatulio, nacho huteleza. Weka mshale kwenye kamba na uangalie kama umekaa pembe mraba, au nyuma imepanda milimita 3 hivi. Kitanzi kikizungushwa kwa vidole na kikahama, kifungwe upya.

Mishale ikitawanyika, tuhuma ya kwanza ni manyoya kugonga kitu. Pulizia poda ya mtoto kwenye manyoya, kiegemeo na kebo, piga mshale mmoja, tazama palipofutika. Kiegemeo cha brashi hulainika kikichakaa na mshale hulala chini. Kikiwa cha kudondoka (kinachoshuka mshale unapotoka), kagua uzi wake, maana ukilegea kinachelewa kushuka. Kutoka upande wa mhimili hadi katikati ya mshale, anza na 13/16 ya inchi, karibu milimita 20.6, kisha piga kupitia karatasi ukiwa hatua mbili tatu tu nyuma yake. Tundu safi lenye mikato ya manyoya linatosha. Mpasuko wa pembeni unakuambia usogeze kiegemeo kidogo kidogo, milimita moja kwa mara.

Mshale wenyewe ukunje kidogo karibu na sikio. Ukisikia mlio wa kukwaruza, uvunje uutupe, kwani kaboni iliyopasuka inaweza kuingia mkononi. Gundi ya moto inayoshika ncha nayo huyeyuka garini, kwa hiyo jaribu kuzungusha kila ncha kwa vidole. Noki ishike kamba kiasi cha mshale kuning'inia, na iachie ukigonga kamba kwa kidole. Uzito wa mshale usishuke chini ya greni 5 kwa kila ratili ya kuvuta: upinde wa ratili 60, mshale wa greni 300 kwenda juu. Vigumba vya kuwindia hukuza kila kosa, kwa hiyo usivijaribu kabla ncha za mazoezi hazijakaa pamoja. Na kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, hata kwa mshale.

Upinde unamfaa mwenye daftari, rula na seti ya inchi. Anayetaka kuweka mara moja na kusahau miaka mitatu angenunua wenye marekebisho machache, na labda ghali zaidi. Kilengeo kinachokuja na kifurushi ndicho sehemu dhaifu: tia gundi ya nyuzi za bolti, ya bluu wala si nyekundu, kwenye skrubu zake, halafu chora mstari mwembamba wa maka peni juu ya kila kichwa ili ukigeuka uonekane. Bolti za mabawa zisiguswe na gundi hiyo.

Ukinunua uliotumika, pitisha kipande cha pamba kwenye kingo zote za mabawa na mifereji ya kapi. Kufyatua bila mshale huweza kupasua mabawa, na aliyewahi kufanya hivyo hatakuambia. Pamba ikinasa mahali, usiuvute hata mara moja.