Kofia ngumu ya kupandia farasi: ipi inunuliwe, ipi iachwe

Mtu anayepanda farasi katika mashamba ya Usa River au nyanda za Kilimanjaro Magharibi huwa na kichwa chake zaidi ya mita mbili kutoka ardhini, juu ya mnyama anayeweza kushtuliwa hata na kanga iliyoanikwa kwenye uzio. Hata hivyo, wazazi wanaowapeleka watoto kujifunza, na wakati mwingine saisi na waongoza wageni wenyewe, huchagua kofia kwa rangi na bei. Nimezipanga hapa kuanzia ninayoipendekeza zaidi hadi ile ambayo singemvalisha mtu yeyote.

Nafasi ya kwanza naipa kofia mpya yenye alama ya kiwango kinachotambulika na gurudumu dogo la kukazia upande wa nyuma. Alama hiyo huwa kwenye lebo ya ndani: ASTM F1163 pamoja na muhuri wa SEI (taasisi inayothibitisha vifaa vya usalama) kwa zile za kiwango cha Marekani, PAS 015 kwa Uingereza, au VG1 kwa Ulaya. Ukiona EN 1384 ya zamani peke yake, iache. Mashirika ya upandaji farasi ya Uingereza yaliacha kuikubali mwaka 2016. Gurudumu nalitaka kwa sababu ya nywele. Nilimpima mpwa wangu kwa futi ya fundi cherehani, nikiizungusha juu kidogo ya nyusi na kuipitisha pale kisogo kinapotokeza zaidi, nikapata sentimita 55. Baada ya wiki mbili alifumua misuko, nikapima tena, zikawa 53. Kofia isiyorekebishika ingekuwa inamcheza kichwani siku hiyohiyo. Mtu anayesuka na kufumua apime akiwa na mtindo atakaopandia, na rasta nene zisifungwe fundo utosini, kwa kuwa fundo huinua kofia ikabaki imekaa juu ya nywele badala ya kichwa.

Namna ya kuijaribu ni ileile kwa kofia zote. Ivae ikiwa imelala sawa, ukingo wake ukiwa upana wa vidole viwili hivi juu ya nyusi, kisha, kabla ya kufunga mkanda, itikise taratibu kwa mikono miwili: ngozi ya paji la uso na nyusi zinapaswa kusogea pamoja nayo. Ikiteleza huku ngozi imetulia, ni kubwa. Ikibana mbele na nyuma huku pembeni kuna nafasi ya kupitisha kidole, umbo lake ni la mviringo na kichwa chako ni kirefu, na hapo kuongeza saizi hakusaidii. Tafuta muundo mwingine. Mikanda ikutane chini ya sikio, na ule wa kidevu ukazwe kiasi kwamba ukipiga miayo unaihisi kofia ikivutwa chini. Kaa nayo robo saa nyumbani. Maumivu madogo ya dukani huwa makubwa baada ya saa mbili kwenye jua.

Ya pili ni kofia mpya yenye alama hizohizo lakini ya saizi maalumu isiyorekebishwa. Kwa mtu mzima mwenye nywele fupi anayepanda kila siku, naona inaweza hata kuipita ya kwanza, kwa maana hushika kichwa sawasawa pande zote. Zipo zenye tabaka la MIPS, linaloiruhusu kofia kujizungusha kidogo inapogonga kwa mshazari. Ni nyongeza nzuri kwa mwenye uwezo. Chuo Kikuu cha Virginia Tech, ambacho tangu mwaka 2022 hutoa nyota kwa kofia za farasi, ni mahali pazuri pa kulinganisha kabla ya kulipia jina la kampuni.

Ya tatu ni kuazima kofia ya mahali unapojifunzia, jambo linalofaa kwa majuma ya mwanzo, mradi uisome lebo.

Kofia ya baiskeli naiweka ya nne, kwa shingo upande: kwa kawaida haishuki vya kutosha kisogoni, wala haikupimwa kwa pigo la ukingo mkali kama wa kwato. Ya pikipiki ni nzito na huziba masikio, ilhali mpandaji anahitaji kusikia.

Ya mwisho ni ya mitumba. Niliwahi kununua moja mjini Moshi, nyeusi, ya mahameli, inang'aa kama mpya. Nilipoivua bitana nilikuta ufa mwembamba kama unywele katika lile povu gumu linalofanana na la kufungia televisheni. Povu hilo hufanya kazi kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi. Ndiyo maana kofia iliyoanguka na mtu hubadilishwa hata kama ganda la nje halina mkwaruzo, na hata isiyoanguka hushauriwa kubadilishwa baada ya miaka mitano hivi. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kwa kuwa wengi wetu huagiza kutoka nje au humtuma mgeni anayekuja, mwombe muuzaji picha ya lebo ya ndani inayoonyesha kiwango na tarehe ya kutengenezwa, mpe kipimo kwa sentimita, na mkubaliane kabla ya malipo kuhusu kurudisha isiyokaa.