Mlima raha, kengele hakuna
Jumapili nilikodi baiskeli ya umeme ya milimani kwenye duka moja karibu na Brighton, nikaingia nayo South Downs Way, ile njia ya kama kilomita 160 inayoenda mpaka Winchester, na aisee kile kilima cha Ditchling Beacon ambacho siku zote nashuka nasukuma, safari hii nimekipanda nimekaa, napiga pedeli kidogo mota inamalizia. Ni wati 250 na ikifika kama kilomita 25 kwa saa inakata yenyewe, ndo sheria ya Uingereza, so usitegemee pikipiki. Breki safi, betri nimerudi nayo nusu.

Sasa kasheshe, haina kengele! Njia hii mnagawana na watembea kwa miguu na farasi, na sheria ya tangu 1968 inasema mwenye baiskeli ndo anawapisha, halafu mi nateremka na dude zito kimyaaa, mzee mmoja na mbwa wake nusura waruke kwenye nyasi, nilimwomba radhi mpaka basi. Ikabidi kila kona nipige kelele kama konda wa daladala. Kurudi dukani naambiwa eti kengele inauzwa kivyake. Nyota tatu.