Spika ya nyumbani: ipi ununue kwanza na ipi uiache dukani

Kama uko Uganda na unatafuta spika ya nyumbani, achana kwanza na ile namba kubwa wameandika kwenye boksi. Hiyo 10,000W PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, ni namba ya kuuzia tu, si sauti utakayosikia. Geuza mashine nyuma, tafuta kale kastika kanasema inakula stima kiasi gani, utakuta 220-240V, 50Hz, halafu wati 40 ama 60. Sasa kitu kinakula wati 40 kitatoa elfu kumi kutoka wapi? Uliza RMS, yaani nguvu inayotoa mfululizo, na kama mwenye duka haijui, chukua hiyo namba ya nyuma na ujue sauti ya ukweli iko chini yake.

Mimi napanga kwa kuangalia vitu viwili: chumba chako ni kikubwa aje, na stima kwenu inakatika aje.

Namba moja ni spika ya Bluetooth yenye betri yake, saizi ya kati. Kwa mtu wa muzigo, ile nyumba ndogo ya kupanga, wa chumba kimoja ama viwili sioni kitu kinaishinda, stima ikipotea usiku muziki unaendelea, asubuhi unatoka nayo uani ukifua, Krismasi unaenda nayo kijijini. JBL Flip 6 ina wati 30 RMS, inacheza masaa 12, na ina IP67, yaani vumbi haiingii na hata ikidumbukia kwenye beseni la maji inapona. Charge 5 ina wati 40, masaa 20, na ina tundu la USB la kuchajia simu, kwa hivyo ukiweza kuongeza pesa ongeza uchukue hiyo, nakuambia kwa moyo wote, siku stima imelala nje utashukuru. Ila hayo masaa ni ya sauti ya kadiri, ukifungulia mpaka mwisho yanapungua sana. Mfuko ukiwa mdogo tafuta Anker Soundcore 2, wati 12 tu lakini masaa 24, na kwa chumba kimoja inatosha kabisa.

Shida ni feki, ziko nyingi na zimetengenezwa vizuri kwa macho. Flip 6 na Charge 5 za ukweli hazina redio ya FM, hazina tundu la memori kadi, hata tundu la aux hazina. Ukiona JBL ya hivyo iko na tundu la kadi hapo nyuma, hata kama muuzaji anaapa, rudisha. Ishike mkononi pia: Flip 6 ni kama gramu 550, Charge 5 inakaribia kilo moja, feki nyingi ni nyepesi. Halafu weka apu ya JBL Portable kwa simu yako ukiwa hapohapo dukani uone kama inaitambua. Na bei nayo inasema, Flip 6 ilitoka Marekani ikiwa karibu dola 130, sasa mtu wa kukuuzia mpya kwa shilingi elfu themanini za Uganda ameitoa wapi?

Namba mbili, sabufa ya 2.1 ama 3.1, yaani boksi moja la besi na spika ndogo mbili ama tatu. Hii ni ya sebule yenye familia na TV. Inasoma flashi, ina FM, kwa hivyo hauchomi data kusikiliza muziki, na kuna zile za AC/DC zinakubali 12V moja kwa moja kutoka kwa betri ya sola, ukiwa kijijini chukua hiyo tu. Kwa TV tumia waya, Bluetooth huchelewesha sauti kidogo na kwa filamu utaona mdomo unafunga kabla neno halijafika. Na nunua stabilaiza, kwa sababu stima ikirudi na nguvu ndio inaua hizi mashine, fundi akifungua anakuta ampu, ile ya kukuza sauti, imeungua.

Ya kujaribia sabufa, nenda na flashi yako, usikubali wimbo wa dukani, huo umechaguliwa una besi tupu. Mimi napenda kutumia kadongo kamu, ule muziki wa Uganda wa gita, sababu gita na sauti ya mtu viko wazi. Pandisha mpaka robo tatu. Kama besi inagonga lakini mwimbaji amezama hausikii anasema nini, ama boksi lenyewe linatetemeka na kukwaruza, hiyo acha, jaribu ya pembeni yake.

Namba tatu saundiba, ile spika ndefu nyembamba ya kuweka chini ya TV. TV za siku hizi ni nyembamba na spika zake zinaangalia chini ama nyuma, maneno yanapotea, na kama nyumbani kwenu mnaangalia sana filamu za VJ, zile mtu anatafsiri juu ya sauti, ama habari, saundiba inasaidia kuliko sabufa. Hakikisha TV yako ina tundu la HDMI limeandikwa ARC, ndilo linatoa sauti ya TV kwenda kwa saundiba, la sivyo utumie waya wa optiko.

Namba nne ni Edifier R1280DB, wati 42 RMS, spika mbili za Bluetooth za kuweka kulia na kushoto. Kwa mtu anayekaa chini kusikiliza muziki kweli, hii ndio sauti nzuri kuliko zote nimetaja, nimeishusha tu kwa sababu haina betri. Soma herufi vizuri, R1280T inafanana nayo lakini haina Bluetooth.

JBL PartyBox 110 naiweka ya tano. Wati 160, masaa 12, kilo zaidi ya kumi, ni ya kwanjula, ile sherehe ya kutambulisha mchumba, na maombi ya uwanjani. Ukiifungulia ndani ya muzigo jirani atakuja na LC, kiongozi wa mtaa.

Za mwisho ni za Wi-Fi kama Sonos Era 100. Sauti safi sana lakini haina betri, na stima ikikatika rauta nayo inazima, kwa hivyo nunua tu kama una intaneti ya kudumu na inveta.

Popote utakaponunua, iwe jengo la maduka la Mutaasa Kafeero Kampala ama Arua mjini, ichajiwe mbele yako kidogo uone taa inawaka, chomeka na utoe ile waya ya chaja mara kadhaa kama tundu halichezi, halafu waranti iandikwe kwenye risiti na serial namba, isiwe ya mdomo.